Sura ya Kemuma kwenye Tovuti ya Joash

Magige aliingia kliniki bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka Kehancha, na vumbi la njiani lilikuwa bado limemkaa kwenye nyusi. Akaisukuma simu yake mezani, katikati ya sindano alizokuwa akizipanga Kemuma.

"Huyu ni wewe ama si wewe?"

Kemuma akatazama. Uso ulikuwa wake, amevaa koti jeupe, ameshika sikio la ndama. Chini ya picha palikuwa na maneno kwamba Daktari Kemuma anapendekeza chupa fulani ya mitishamba, inayoponya ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe, bila sindano wala gharama ya daktari wa mifugo.

"Picha ni yangu," akasema. "Maneno si yangu."

"Nilitafuta dawa ya ndigana, ukatokea wewe, juu ya wengine wote. Nikaagiza hiyo chupa. Ng'ombe wa mahari ya kijana wangu wamekufa povu likiwatoka puani. Leo unaniambia maneno si yako."

"Mzee, hiyo tovuti si yangu tena."

"Mimi sijui tovuti. Mimi najua uso." Akachukua simu yake, akatema mate mlangoni, akaenda zake.

Tovuti hiyo ilijengwa na Joash, aliyekuwa mumewe, walipokuwa wakiishi Homa Bay. Kemuma ndiye aliyeandika kila kitu: kupe, chanjo, homa za ndama, namna ya kumlisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Joash alishughulikia mitambo. Redio ya huko ikawa inaitaja kwenye kurasa zake, chama cha wafugaji cha Ndhiwa kikaweka kiungo, mwalimu mmoja wa chuo akawaelekeza wanafunzi wake huko. Ndoa ilipovunjika, Kemuma alirudi Migori na nguo zake na vifaa vya kazi. Jina la tovuti lilibaki kwa Joash, maana ndiye aliyelisajili. Kemuma akafungua tovuti nyingine, akahamishia makala zake zote humo, na hakuna aliyeiona. Alikuwa amejiambia kwamba haidhuru, wenye ng'ombe wagonjwa watamfuata kliniki. Sasa akaona kwamba kukaa kwake kimya ndiko kulikompa Joash nafasi.

Kesho yake alimkuta Joash mjini Rodi Kopany, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati. Makatoni ya chupa yalikuwa yamepangwa hadi dirishani.

"Nyar Kisii," Joash akasema bila kuinuka, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo. "Umekuja kunisalimia?"

"Toa sura yangu na jina langu."

"Sura naweza kutoa nikipenda. Makala hazitoki."

"Niliziandika mimi, Joash. Kila neno."

"Basi nenda ukauambie mtambo wa kutafuta." Akaigeuza kompyuta upande wa Kemuma. "Soma. Mimi niko juu. Wewe hata ukurasa wa tatu huonekani. Unajua kwa nini? Makala zilionekana kwangu kwanza. Kwa hesabu ya mtambo, mwizi aliyenakili ni wewe."

Kemuma aliyatazama yale makatoni. Mikono ilimwasha kuyasukuma yote yaanguke. "Watu wanapoteza mifugo," akasema.

"Mifugo hufa hata kwa madaktari. Funga mlango ukitoka."

Aliuacha wazi.

Phanice, aliyekuwa akitunza tovuti ya redio mjini Homa Bay, alimsikiliza huku akiendelea kuchapa. "Mtambo haujui nani alishinda zizini na ng'ombe," akasema. "Unaangalia nani anatajwa na wanaoaminika, nani amekuwepo muda mrefu, mwandishi ni nani na anajulikana kwa kazi gani. Joash amekalia heshima yako. Wale waliomtaja walikuwa wakikutaja wewe, ila hakuna aliyewaambia umehama."

"Nikiwaambia?"

"Wengine watahamisha viungo vyao. Wengine watakutimua."

Redio ilihamisha kiungo chake siku hiyo hiyo. Ndhiwa walitaka kwanza kuona leseni yake, wakaiona, wakahamisha. Angwenyi, yule mwalimu wa chuo, alimsimamisha langoni. "Mambo ya ndoa yenu msinitie mimi," akasema, na kiungo chake kikabaki kwa Joash. Kemuma akarudi Migori, akaweka kwenye kila makala jina lake kamili, namba ya leseni, mahali kliniki ilipo, na onyo juu ya ile chupa. Tovuti yake ikapanda kidogo, ikakwama chini ya Joash.

Ndipo akaenda Kehancha. Magige alikuwa akirekebisha ua wa zizi lililobaki nusu tupu. Kemuma akamwomba aeleze redioni yaliyompata.

"Ng'ombe wangu si tangazo lako," Magige akasema.

"Kuna mwingine anaagiza chupa hiyo leo."

Magige aliendelea kufunga fito. Alipomaliza fundo akasema, "Nitasema. Lakini sifanyi kwa ajili yako. Ulijua uso wako uko kwa mtu mbaya, ukanyamaza."

Kemuma akamshikia fito iliyofuata.

Magige alisema redioni bila kupamba, akataja chupa na tovuti iliyomuuzia. Gazeti likaandika, likaelekeza wasomaji kwenye onyo la Kemuma. Wafugaji kutoka Kisegi hadi mpakani wakaanza kulitafuta onyo hilo, wakalisoma, wakatumiana. Hata Angwenyi akaondoa kiungo chake, ingawa hakumpigia simu. Wiki zikapita, Joash akateremka polepole hadi akawa haonekani kwa anayetafuta dawa ya ndigana.

Akapiga simu. "Umeniua, nyar Kisii. Chukua basi hilo jina la tovuti, tuyamalize."

"Kaa nalo," Kemuma akasema. "Linanuka."

"Unajiona umeshinda?"

Kemuma akakata simu.

Magige alimwita msimu wa mvua, kupe walipozidi. Kemuma akawachanja ng'ombe waliobaki, mmoja baada ya mwingine, naye Magige akishika kamba, macho yakiwa kwa mnyama. Walipomaliza alimfungulia lango. Hakumwambia asante, hakumwambia kwaheri.