Cha Kuacha Kashi

Narsimhulu alisimama ndani ya mto Ganga, maji kiunoni, meno yakigongana kwa baridi. Anayekuja kuhiji Kashi huapa mtoni kuacha chakula anachokipenda, asikiguse tena mpaka afe. Mkewe Ratnalu aliiweka nadhiri hiyo kwa ajili yao wote wawili, mauti yakamwahi. Leo mume alikuja peke yake kuitimiza, na alitaka ikubalike, maana hakuwa na kingine cha kumfanyia.

"Naacha karela," alimwambia kuhani.

Kanakamma, dada wa marehemu, aliangua kicheko pale kwenye ngazi za ukingoni. "Usimkubalie, panditi! Huyu karela anaitema kwa uchungu wake tangu siku ya harusi!"

"Basi fenesi."

"Fenesi linakuvimbisha tumbo, shemeji. Hapo unajitibu tu."

"Biringanya za kujazwa viungo!"

Kanakamma akapoa. "Hizo hujazigusa tangu dada aondoke. Kila anayekupikia unamwambia hajui."

Kweli. Narsimhulu alijipekua moyoni, hakupata kitu. Ladha zote zilikwenda na Ratnalu, jioni ile walipongoja gari la hospitali hadi wakachoka. Na gari lilikuwa wapi? Diwani alilichukua kubebea wageni wa harusi! Watu gani hawa, kura wanakuja kuomba kwa magoti…

"Hicho hapo!" Kanakamma alidakia, maana manung'uniko yalikuwa yameshamtoka mdomoni. "Acha kulaumu wakubwa. Ndiyo raha yako pekee siku hizi."

"Hicho si chakula!"

"Kwako ni chakula, babu," alisema kuhani, macho yakicheka. "Tangu uvue viatu pale juu umeshawatafuna mawaziri watatu."

Wanawake waliokuwa wakioga wakacheka mpaka wakamwagiana maji. Narsimhulu hakucheka. Awaachie hivihivi, watu waliomuulia mke? Kifua kilimuuma, na kwa maumivu hayo akajua kuwa hicho ndicho chenyewe. Akaziba pua, akazama, akaibuka.

"Nimeacha," alisema.

Akipanda ngazi, aliteleza kwenye tope la mafuriko ambalo hakuna aliyetumwa kulizoa. Puu! Akakaa chini, mdomo wazi. Watu wote wakanyamaza kumsubiri.

"Tope," alisema polepole, "ni… jingi."

Kicheko kilichofuata kiliwarusha njiwa.

Baadaye, wakinywa chai, Kanakamma alimuuliza, "Dada angesemaje kukuona umekaa topeni?"

Siku zote jina la Ratnalu likitajwa, jibu lake lilikuwa diwani. Safari hii alifungua mdomo, diwani hayumo. Ratnalu ndiye aliyekuwamo.

"Yeye? Si ndiye aliyemfukuza nyati wa kufugwa wa jirani kwa ufagio," alisema, "akaishia kukaa kwenye ndoo ya maziwa! Akatoka nayo, imemganda matakoni, mbele ya mama mkwe!"

"Hakuniambia!" Kanakamma alipaliwa na chai.

"Angekwambiaje? Aliniapisha. Subiri, ya mbuzi unaijua?"

"Ya mbuzi siijui."

Narsimhulu akamwita muuza chai awaongeze, akaanza ya mbuzi.