Mtengenezaji Hajulikani

Kaka yake alipofariki alimwachia programu moja ya simu, na ndani yake sauti ya kaka mwenyewe. Kila fundi cherehani aliyeitumia aliingiza vipimo vya mteja mara moja, kisha sauti hiyo ikamsomea taratibu huku mikono ikishika mkasi: "Kiuno sabini na nane. Pole pole, kitambaa si adui yako." Kila tarakimu kaka aliirekodi mwenyewe, pamoja na mizaha.

Tatizo lilikuwa mstari mmoja. Duka la programu lilichukua theluthi ya kila malipo, naye kaka kwa hasira akaandika chini ya ukurasa wa programu: "Ukitaka nafuu, nilipe mwenyewe kwa namba hii." Duka liligundua miezi miwili baada ya mazishi. Likatoa siku kumi na nne: mstari uondoke, la sivyo programu iondoke.

Rafiki wa kaka, waliyemwita Waya, aliyejua nywila yake, aliufuta mara moja.

"Sasa jaza fomu ya duka, dada. Wakiuliza kama wewe ndiye mwenye akaunti, sema ndiyo. Usijifanye uko kizimbani."

Lakini hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba, kote dada alikuwa ameandika neno lilelile, amefariki, na mkono ukazoea. Akaandika: "Hapana. Mwenyewe amefariki. Mimi ni dada yake wa kumfuata." Akawashukuru pia.

Jibu likaja kesho yake, pole kwanza. Akaunti ya marehemu hairithiwi. Imefungwa, na programu imeondolewa dukani.

"Umemzika mara ya pili," Waya alisema, kisha akainamisha kichwa. Ikabaki njia moja: kuipeleka programu kwa mkono, simu baada ya simu.

Dada alianza kwa Bi Pindo, fundi mkongwe aliyeizoea programu hiyo lakini akanunua simu mpya.

"Niwekee, mwanangu. Nimeharibu magauni mawili wiki hii."

Kioo kikawa chekundu: Mtengenezaji hajulikani. Programu hii inaweza kudhuru simu yako.

Bi Pindo akaipokonya simu. "Wee! Wezi ndio hao!"

"Ni kaka yangu, Bi."

"Mbona simu yasema hajulikani?"

Dada alitoa simu yake mwenyewe. Akaibonyeza. Sauti ikatoka, ikicheka kidogo kabla ya kutaja urefu wa mkono.

Bi Pindo alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo namjua," alisema kwa upole. "Lakini akiba yangu yote imo humu. Siwezi, mwanangu." Akaitia simu mkobani, akavuta kigoda. "Kaa basi, unisomee kwa yako."

Akakaa. Aliingiza vipimo vya gauni la mezani, akaishika simu juu ya kitambaa. Kaka akasoma, mkasi ukafuata. Nje, kwenye safu moja tu ya maduka ya mafundi, cherehani thelathini zilikuwa zikinguruma, naye alikuwa na simu moja.