Bunduki ya Kwanza ya Izhevsk

Faina Yegorovna alikagua bunduki kwa miaka thelathini na minne katika kiwanda cha silaha cha Izhevsk, Urusi, na katika miaka yote hiyo hakukutana na mbovu iliyomtia kinyaa kama Vadim Arkadyevich. Huyu alikuwa mkurugenzi wa jumba jipya la makumbusho ya mafundi, bwana mwenye mikono laini kama kinyunya. Hajashika tupa tangu azaliwe, lakini ukimsikia akisimulia habari za Kalashnikov utadhani yeye ndiye aliyemchongea penseli.

"Sajini kijana," aliwaambia wageni, "kajeruhiwa vitani, kalala hospitali, mara akili ikamjia! Akaichora!"

"Asubuhi akaikuta chini ya mto, tayari ina risasi," Faina alimnong'oneza Rimma, mkaguzi mwenzake wa zamani.

Si kwamba alimdharau yule sajini. Sajini alikuwa na kichwa, hilo halina ubishi. Alichokidharau ni hadithi ya mtu mmoja. Zile bunduki za mwanzo, za mwaka arobaini na nane, zilitoka mashineni na miili ya bati iliyopinda, mbovu juu ya mbovu, na watu wenye nyundo ndio walioinyoosha mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwa Yegor Shklyaev, baba yake, mtu wa kijijini wa kabila la Waudmurti, aliyegonga bati mpaka masikio yakafa. Nyumbani, kumwomba chumvi mezani ilibidi upige ukelele. Alizikwa bila mstari hata mmoja katika gazeti la kiwanda, na jambo hilo lilimkaa Faina kooni kama mwiba wa samaki.

Vadim alilijua hilo. Watu wa aina yake hawajui kazi, lakini wanajua pa kumshikia mtu.

"Faina Yegorovna, mama yetu kipenzi," alimwambia wiki moja kabla ya ufunguzi. "Tazama ule ubao wa shaba. Majina kumi na mawili ya mafundi, na la baba yako ni la nne. Wewe useme maneno mawili tu mbele ya gavana: kwamba hii ndiyo bunduki ya kwanza kabisa, iliyopita mikononi mwa mzee wako."

"Nitasemaje, nami sijaishika?"

"Utaishika siku yenyewe! Utaifungua vipande vipande mbele ya watu, wakuone mkongwe wetu anavyofanya kazi."

Faina aliichungulia ndani ya kabati la kioo. Mtutuni walikuwa wamefunga utepe mwekundu mkubwa, utadhani bunduki inaolewa. Akakubali. Na tusimpambe, alikubali upesi, kama mwenye njaa aliyeonyeshwa mkate.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sinia za perepechi, vile vikate vya nyama vya kienyeji, zilipita za moto, bendi ikapiga, gavana akachelewa kama ilivyo ada ya magavana. Hatimaye Vadim akafungua utepe na kumlazia Faina bunduki mikononi. Watu wakasogea karibu. Kila aliyesoma shule mjini humo alifundishwa kuifungua na kuifunga bunduki hii huku mwalimu akihesabu sekunde, kwa hiyo ukumbi mzima ulikuwa wa majaji.

Faina alifumba macho, kama alivyozoea. Magazini ya risasi ikatoka. Kifuniko kikatoka, springi ikafuata. Kisha kidole gumba kikapanda mtutuni hadi kwenye kilengeo cha mbele, kile cha kulengea shabaha, na hapo kikagoma.

Kilengeo kilikuwa kimefungwa juu, duara kamili, mithili ya pete. Cha Izhevsk huwa wazi, masikio mawili yamesimama. Duara waliliweka Wachina, baada ya kupewa michoro miaka ya hamsini. Akafumbua macho. Ubavuni, mahali pa maandishi, chuma kilikuwa kimesagwa na kupakwa rangi mpya.

"Umeitoa wapi hii?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwa mjane wa askari aliyerudi nayo kutoka vitani Afghanistan. Mumewe aliapa ndiyo yenyewe! Sema basi, bibi, gavana anasubiri."

Faina akatazama ukutani. SHKLYAEV Y. Shaba ilikuwa inang'aa. Alitaka jina lile libaki kuliko alivyotaka kitu chochote katika uzee wake. Maneno mawili tu. Nani angejua? Majaji wote hawa, na hakuna hata mmoja aliyeona.

Lakini siku alipopewa muhuri wa ukaguzi, baba yake alimshika bega na kumwambia, kwa ile sauti kubwa ya viziwi: "Ukipitisha mbovu, umeifyatua wewe."

Akasogelea kipaza sauti. "Hii imetengenezwa China," akasema.

Rimma aliangua kicheko peke yake. Gavana akaangalia viatu vyake.

"Mama yetu amechoka," Vadim alidakia, jasho likimtiririka. "Umri, ndugu zangu, umri!"

Faina alitoa rangi yake ya mdomo mkobani. Kiwandani mbovu iliwekwa alama nyekundu, naye hakuwa na rangi nyingine. Hakuigusa bunduki. Alichora msalaba mwekundu juu ya kibao kilichoandikwa BUNDUKI YA KWANZA.

"Bunduki ni nzima, Wachina waliipatia," akasema. "Mbovu ni haya maandishi, na aliyeyaandika."

Jumatatu alirudi. Bunduki ilikuwa palepale, kibao kipya chenye maneno yaleyale, utepe mkubwa zaidi. Jina la baba yake lilikuwa limetinduliwa kwa patasi. Na lilitinduliwa vibaya! Patasi iliteleza, ikachimba shimo, ikakwaruza mpaka jina la tano. Faina alipitisha kidole. Hata kufuta hawajui.

Nyuma yake waliingia maharusi na wageni wao, na maua ya kuweka chini ya ubao, kama ilivyo desturi ya huko. Bibi harusi aliyatupia majina kumi na moja jicho moja tu, kisha akakomea kwenye shimo.

"Hapa palikuwa na nani?" akamuuliza mwongozaji. Mwongozaji akakohoa.

"Yegor Shklyaev," Faina akajibu. "Litaje, binti yangu. Lakini kwa sauti, alikuwa kiziwi."