Joto la Upande wa Kushoto

Bi Fadhiya alipoleta pikapu yake gerejini kwetu, nyuma ya soko la Marikiti, akasema hita ya kiti imekufa, nilimtazama kama aliyeomba koti la sufu.

"Mombasa hii, dada? Jua halikutoshi, wataka na jingine la kukalia?"

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakukasirika.

"Nina sikoseli, fundi, ule ugonjwa wa damu. Nyonga zikinikaza, joto ndilo hunifungua. Bila hita siwafikii wateja wangu wa mboga kule Kizingo. Na nisipofika, huyu kakangu ataliuza gari."

Khubaib, kakake, alikuwa kasimama kando. "Naliuza kwa kukuhurumia," alisema.

Nikachukua spana. Maisha yamenizaba makofi ya kutosha kujua mzaha unapokwisha.

Hitilafu niliipata upesi. Chini ya kila kiti cha mbele kuna kidude, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachopima joto na kugawa umeme. Wakati wa mvua za masika maji yaliingia garini, vyote viwili vikaoza. Na gari la ng'ambo likija hapa na hita, mafundi wetu huukata waya wake wakidhani wamemfanyia mwenyewe hisani, kwa hivyo hakuna anayeleta vipya. Nilizunguka kwa wauza vyuma vya magari ya ajali hata nikapata kimoja. Kimoja tu.

"Nikitie upande gani?"

"Wa dereva. Kule kwingine huweka mabiringani."

Nikatoa waya wa betri, nikafungua bolti, nikakilaza kiti, nikachomoa kilichooza na kuchomeka hiki. Nikafunga kila kitu. Akapanda, akawasha. Tukangoja. Mabega yake yakashuka taratibu.

"Kinapata moto," akasema.

"Sasa waweza kukaanga mayai," nikamwambia, na safari hii alicheka.

Akakanyaga klachi. Mguu ukafika nusu, ukakataa. Akajaribu tena, akilisukuma goti kwa mkono. Uso ulimjaa jasho, na si la hita. Hata mwenzetu mmoja aliyekuwa akigonga bati aliiweka nyundo chini.

Alizima gari, akakaa na mikono juu ya usukani, kama anayeaga mtu.

"Fundi, kile kidude chaingia upande wa pili?"

"Chaingia. Lakini huku kutapoa."

"Kihamishe."

Nikafungua bolti upya, polepole kuliko ilivyohitajika. Nilipomaliza, alimwekea Khubaib funguo kiganjani.

"Gari haliuzwi. Utaniendesha."

Khubaib aliziangalia zile funguo. "Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Akapanda kushoto, akabonyeza hita, akajiegemeza. Khubaib akazunguka, akaketi kwenye usukani, akakisogeza kiti nyuma ili miguu yake mirefu ienee. Bi Fadhiya aligeuza uso dirishani mpaka kakake alipomaliza.