Jina la Bega Hadi Bega

"Halitoshi," alisema Wanda Prus, pini zikiwa mdomoni. "Mgongo umekwisha, jina bado."

Nje ya chumba chake cha kushonea, Cleveland nzima ilikuwa inapiga honi. Asubuhi hiyo, ligi ya futiboli ya Kimarekani ilipokuwa ikizigawia klabu wachezaji wapya, klabu yao ilitoa mabeki wawili pamoja na zamu yake ya mwakani ya kuchagua, ili iruke foleni na kumnyakua mrushaji mpira Msamoa kutoka Honolulu: Ioane Faumuinatagaloa. Jioni angeonyeshwa kwa wanahabari akiwa na jezi yake.

"Weka Fau, yaishe," alisema Gary, msimamizi wa vifaa. "Mashabiki watamwita hivyo hivyo."

Wanda alizitenga F, A na U mezani. Babake aliingia mji huu kutoka Poland akiitwa Pruszyński. Karani wa kiwanda cha chuma akalikata jina, akambakishia Prus, na mzee akazikwa nalo.

Mlango ukafunguka. Aliingia mamake Ioane, Sefina, ua limechomekwa sikioni, ana hamu ya kuiona jezi. Akazikuta herufi tatu mezani.

"Nyingine zimekwenda wapi?"

"Mama, nafasi ni ndogo..." Gary alianza.

"Ndogo? Mgongo wa mwanangu umeuona wewe? Mlango wa kanisa ule!"

Wanda aliangua kicheko, pini zikatawanyika sakafuni. "Gary, katuletee kahawa. Dada, kushona unajua?"

"Nimevisha watoto saba, nitashindwa na mmoja?"

Wakaketi. Wanda alikata herufi upya, nyembamba, akazipanga kama upinde kutoka kwapa hadi kwapa. Sefina akazishikiza kwa uzi.

"Hapa ni babu," alisema akizigusa. "Hapa ni babu yake babu. Na jina lako wewe, ni la nani?"

"Prus. Kipande tu. Kilichobaki."

Sefina akamshika mkono, asiuachie upesi.

Jioni wapiga picha walipaza sauti: "Ioane! Uso! Geukia huku!" Kijana alivaa jezi, akawapa mgongo, akatanua mikono. Nyuma ya pazia, Wanda aliusikia ukumbi mzima ukijaribu kulisoma lile jina kwa sauti, ukikwama katikati, ukicheka, ukianza tena.