Ndevu za Upande Mmoja

Kitu cha kwanza alichokiona asubuhi ile kilikuwa kidogo: shavu la kushoto la baba mkwe wake halikuwa limenyolewa.

Mke huyu wa kitindamimba alikuwa jikoni anachambua mchele. Mzee akapita kwenye ujia akielekea uani, taulo begani, ananukia sabuni. Upande wa kulia wa uso wake uling'aa kama sahani iliyosuguliwa. Upande wa kushoto ndevu nyeupe zilikuwa zimesimama zote, kama bustani ambayo mpaliliaji ameiacha katikati akaenda zake.

Watu husema kinyozi hajinyoi. Mzee huyu alikuwa ameukanusha msemo huo maisha yake yote. Alinyoa vichwa vya mtaa mzima, baba, mwana na mjukuu, mpaka magoti yalipokataa kusimama. Na hata baada ya kufunga kibanda chake alijinyoa mwenyewe kila kukicha, bila kioo, huku akiimba puani. Hakuwahi kujikata, wala hakuwahi kuacha unywele.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Bado, Baba. Nitakula.”

Alitaka kuongeza, “Baba, ndevu.” Badala yake akaurudia mchele wake. Kwanza, mkwe atamwambiaje baba mkwe kuhusu uso wake? Pili, leo Mzee alikuwa anatimiza miaka themanini, na katika nyumba ile siku ya kuzaliwa Mzee ndiyo siku ambayo mwenye akili zake haamini kitu.

Hiyo ilikuwa desturi yao. Familia nyingine huimba na kukata keki; hii nayo iliimba na kukata keki, lakini kabla ya keki lazima Mzee atege mtego. Mwaka mmoja alijifanya kiziwi, watoto wake wakashinda wanapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Mwaka mwingine alificha meno yake ya bandia mfukoni, akashika koo na kusema ameyameza. Atakayeingia mtegoni wa kwanza huosha masufuria yote peke yake, na hupewa jina la kutembea nalo mpaka mwaka unaofuata. Kwa hiyo watu wazima wenye heshima zao walikuja kwenye sherehe ile macho makavu, kila mmoja ameapa kwamba safari hii hadanganyiki.

Mwaka uliopita aliyedanganyika ni yeye, mke wa kitindamimba, aliyekuwa hajamaliza hata mwezi tangu aolewe. Mzee alijilaza sakafuni, kakauka kama gogo. Wenzake wakatazamana wakabana midomo. Yeye akapiga yowe ambalo hakujua kwamba analo. Mtaa mzima ukajaa mlangoni. Mzee akafumbua jicho moja, akauliza, “Keki imeshakatwa?”

Tangu siku ile, msichana ambaye hata dukani huonyesha kwa kidole badala ya kusema, akaitwa King'ora. Wifi yake akimpigia simu husema, “Hebu nipeni King'ora.” Shemeji yake mkubwa akifika mlangoni huziba masikio. Naye hucheka pamoja nao, kwa sababu usipocheka unaonekana una kiburi. Lakini usiku ule wa mwaka jana, akisugua sufuria, kila mara aliiacha akaenda kuchungulia kama Mzee anapumua.

Asubuhi hii alimwambia mume wake. Alimkuta uani akipanga viti vya kukodi, suruali bado ina madoa ya rangi za kazini.

“Umemwona Baba? Kajinyoa upande mmoja.”

Mume wake akacheka mpaka akaketi. “Mwaka huu kaanza mapema! Sasa sikiliza, usiseme chochote. Ukiuliza tu, umekwisha.”

“Lakini mbona hacheki?”

“Fundi wa utani hacheki. Mke wangu, nakuomba, leo usiniaibishe.”

Akarudi jikoni. Akawasha jiko, akakaanga vitunguu, na kila alipogeuza mwiko aligeuza na shingo kutazama ujia. Mzee alipotoka uani aligonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Hakusema “aa.” Alisimama kidogo, kama mtu anayeshangaa mlango umesogea, kisha akapita. Alipofika sebuleni ndala ilikuwa mguu mmoja tu. Ile ya kushoto ilibaki nyuma, na mwenyewe hakuwa na habari nayo.

Aliiokota. Akabaki ameishika mkononi.

Mchana wageni wakafika. Shemeji mkubwa, fundi magari, aliingia na gari lake ambalo lilizimika lenyewe kabla hajazungusha ufunguo. Wifi mtu alikuja na keki na watoto, sauti yake imemtangulia tangu barabarani.

“King'ora wetu! Mzima? Masufuria unayaona yalivyo mengi? Mwaka huu si yangu hayo!” Akamkumbatia, kisha akamwona baba yake. “Haaa! Baba! Nusu ndevu! Mimi siulizi. Jamani, mmeniona? Siulizi!”

“Na mimi siulizi,” akasema shemeji mkubwa, akamwamkia Mzee kwa adabu zote huku mashavu yamemvimba kwa kicheko. “Shikamoo, Mzee. Umependeza pande zote mbili.”

“Marahaba,” Mzee akajibu. Neno lilitoka limelowa, kama limelala mdomoni usiku kucha. Sebule ikaangua kicheko.

Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na bakuli la wali, akiutazama ule mdomo. Pembe ya kulia ilikuwa inatabasamu. Pembe ya kushoto ilikuwa imelala.

Hofu ya kwanza aliijua, ilikuwa rafiki yake wa kila siku: hofu ya kukosea mbele za watu, ya kuchekwa na wote naye akiwa katikati. Lakini chini yake kulikuwa na hofu nyingine inayojongea polepole kama maji yanayopenya chini ya mlango. Je, kama hakosei?

Akapakua. Alimwekea Mzee wali upande mmoja, nyama upande mwingine. Mzee alikula kwa mkono wa kulia. Alikula wali wote. Nyama, iliyokuwa kushoto, hakuigusa. Alipomaliza akasukuma sahani, akasema taratibu, “Mwaka huu… nyama hamna?”

Watoto walianguka juu ya zulia kwa kucheka. Wifi akafuta machozi. “Baba, nyama unaiangalia, nyama inakuangalia! Mimi siulizi!”

Yeye akamwinamia mume wake, akamnong'oneza, “Baba anaumwa.”

“Nyamaza.”

“Nakwambia anaumwa. Mtazame mdomo.”

“Na mwaka jana alikuwa amekufa,” mume wake akanong'ona. “Unakumbuka? Kaa chini.”

Akakaa. Aliwatazama mmoja mmoja, akaona jambo moja: wote walikuwa wanamtazama Mzee, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwona. Kila mmoja alikuwa anamwona yule wa miaka iliyopita. Angeweza kuanguka hapo, wakampigia makofi. Angeweza kukata roho huku wanaimba, na wangesubiri afumbue jicho.

“Chai kwanza, halafu keki,” shemeji mkubwa akaagiza. “Mzee hakati keki koo limekauka.”

Aliileta chai. Birika lilikuwa linafuka, lilikuwa limetoka motoni sasa hivi. Alimmiminia Mzee kikombe, akakisogeza kulia kwake. Mzee akakiinua. Alikunywa funda moja. Nusu ikaingia, nusu ikateremka kupitia ndevu zile zisizonyolewa hadi kwenye kola ya shati jipya. Kisha akashusha kikombe. Hakukiweka mezani. Alikiweka juu ya mkono wake mwenyewe wa kushoto, uliokuwa umelala pale kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

Kikombe kikapinduka. Chai yote ikamwagikia mkono. Mvuke ukapanda.

Mkono haukutikisika.

Mzee aliendelea kutabasamu kwa nusu ya uso, akiwatazama wajukuu zake upande wa kulia.

Shemeji mkubwa akapiga meza kwa furaha. “Hapo sasa, Mzee, nimekuvulia kofia! Hata hajashtuka! Huu ndio utani wa miaka themanini!”

“Hatanii,” akasema yeye.

Sauti yake ilikuwa ndogo, hakuna aliyeisikia. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

“Hatanii!”

“King'ora kaanza!” Wifi akadaka kwa shangwe. “Kaingia! Kaingia tena! Masufuria yana mwenyewe!”

“Mke wangu, kaa…”

Hakukaa. Alichukua birika. Akazunguka meza mpaka kwa shemeji yake mkubwa, mtu ambaye yeye hakuwahi kuthubutu kumtazama machoni, akamshika kiganja, akamdondoshea chai kidogo juu ya vidole.

Shemeji aliruka mpaka kiti kikapinduka. “Unaniunguza! Shemeji, una wazimu?”

“Umeruka,” akasema. “Chai kidogo tu, umeruka. Baba kamwagikiwa kikombe kizima. Baba hakuruka.”

Kicheko kilikatika kama uzi. Shemeji alitazama vidole vyake. Kisha, polepole, akautazama mkono wa baba yake juu ya meza. Ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na malengelenge mawili yanainuka.

“Baba,” akaita. “Baba, inua mkono huu.”

Mzee akainua mkono wa kulia.

“Huu mwingine, Baba.”

“Ndio… huo,” Mzee akasema, akiwa ameinua ule ule wa kulia, na kwa mara ya kwanza jicho lake likaonekana kutafuta kitu kisichopatikana. “Nimeinua.”

Wifi alishika kichwa. “Baba, basi! Umetushinda! Nimekubali, naosha mimi masufuria. Inatosha, Baba, tafadhali.”

Mzee hakufumbua jicho moja. Hakuuliza keki.

Hapo nyumba ikageuka. Fundi magari alimbeba baba yake mgongoni kama mtoto anavyobebwa. Keki ikaachwa na inzi. Gari likakataa kuwaka, kama lilivyokataa kila siku, maana fundi hutengeneza ya wateja kwanza. Wakalisukuma wote, wifi na viatu vyake vya sherehe, watoto, majirani wawili, mume wake akiwa nyuma kabisa amelala juu ya buti, analia na kusukuma. Lilipokohoa likawaka hawakuthubutu kulisimamisha. Mume wake alibaki katikati ya barabara akikimbia, akipiga kelele, “Nendeni! Nendeni! Nakuja nyuma!”

Yeye alikuwa kiti cha nyuma na Mzee. Wifi alikuwa mbele, amerukia ndani likiwa linakwenda, anapiga simu hospitali kwa mikono isiyopata namba. Shemeji mkubwa, aliyekuwa kwenye usukani, alipiga honi mfululizo, kila gari mbele yao likiwa linakwenda kama maiti inavyosindikizwa. Wazo hilo lilipomjia alilifukuza, likarudi.

Kichwa cha Mzee kilikuwa begani kwake, kizito. Alikuwa anapumua kwa kukoroma kidogo. Kila pumzi ilipotoka alibana yake, akingoja nyingine iingie. Kuna moja ilichelewa. Ikaja.

“Shemeji, anapumua?” dereva akauliza.

“Anapumua.”

“Mwongeleshe. Asilale. Mwongeleshe, nakuomba.”

Yeye? Mwaka mzima katika nyumba ile alikuwa amesema “ndiyo,” na “sawa,” na “karibuni.” Wifi akageuka nyuma, uso umelowa, kope zimechuruzika wanja.

“Sema chochote, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyemwona.”

Alimshika Mzee mkono ule wa kulia, wenye uhai. Vidole vya kinyozi vikajikunja kwenye vyake, dhaifu, lakini vikajikunja. Jicho likafunguka, likamtazama. Halikuwa na utani hata chembe. Lilikuwa na woga, woga ule ule aliokuwa nao yeye tangu asubuhi, na alipouona akaelewa kwamba mzee huyu alikuwa peke yake ndani ya mwili ule tangu alfajiri, hajui kinachomnyang'anya nusu ya dunia, huku watu wake wanamcheka.

Akamsogezea mdomo sikioni. Lakini gari lilikuwa na kelele, honi inalia, na neno la kunong'ona lisingefika. Kwa hiyo alilisema kwa sauti, mbele ya wifi, mbele ya shemeji anayetazama kwenye kioo, jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu tangu akiwa mtoto.

“Baba, naogopa. Naogopa sana. Naogopa watu, naogopa hata kuomba chumvi mezani kwenu. Wewe tu ndiye nisiyekuogopa. Usiniache, Baba. Usiniache na watu hawa.”