Upande wa Kulia wa Ulimi

Kazini walimwita Ulimi, na wala halikuwa jina la kumsuta. Alikuwa mwonjaji mkuu katika kiwanda cha chai. Kila asubuhi vikombe vilipangwa juu ya meza ndefu, naye akapita na kijiko chake, akavuta chai kwa mlio uliosikika mpaka chumba cha mizani, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo, kisha akatoa hukumu. Hii imeungua. Hii imepata unyevu. Hii safi, ipite. Hakuna aliyebishana naye, hata meneja, ambaye kubishana ilikuwa ndiyo starehe yake.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye gego lake la mwisho liliamua kumsumbua.

Daktari wa meno, mama mmoja mtaratibu aliyeongea kama anasoma maelekezo ya dawa, alimwonyesha picha ya taya lake. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa limelala ubavu likimsukuma jirani yake.

"Hili litoke," alisema daktari.

"Litoke tu. Limenitesa vya kutosha."

"Ila kuna jambo lazima ulijue. Mshipa wa fahamu wa ulimi unapita karibu sana na hapa. Kwa watu wachache, mshipa unasumbuka na ulimi unabaki na ganzi upande huo. Mara nyingi ganzi huisha yenyewe."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi sana, baba. Usijali."

Ukimwambia mtu asijali, umeshamwambia kuna la kujali. Ulimi alitoka pale roho iko juu juu, na kati ya yote aliyoelezwa alifika nyumbani na neno moja tu, "mara nyingi".

Siku za kungoja aliionja nyumba nzima. Alionja chumvi, limau, majani makavu ya chai, hata maji ya bomba, akisimama na macho yamefumbwa kama mtu anayeaga ndugu. Mke wake, mwalimu wa chekechea, alimtazama mikono kiunoni.

"Baba watoto, sabuni ile pale. Hujaionja bado."

"Cheka tu, mwalimu. Ulimi si wako."

"Si wangu, lakini ndio unaotulisha. Njoo ukae, unanichafulia jiko."

Siku ilipofika alijikaza kisabuni mpaka mlangoni kwa daktari, hapo akageuka kutaka kurudi nyumbani. Mkewe alimshika mkono akamwingiza ndani kama anavyowaingiza watoto wake wa chekechea siku ya kwanza ya shule. Sindano ilichoma, kisha mdomo ukatoweka. Kilichobaki ni kelele, kusukumwa kwa kichwa, na mlio wa kitu kinachovunjwa ndani ya fuvu lake mwenyewe. Hakuumia hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Akapewa kitambaa cha kung'ata na masharti. Barafu shavuni. Vyakula laini, vya baridi. Asitumie mrija, asifyonze kitu, asiteme kwa nguvu.

"Kwenye shimo damu itaganda," daktari alisema, akimtazama mke zaidi kuliko mgonjwa. "Hilo bonge ndilo linalofunika mfupa. Liking'oka, mtanirudia hapa mnalia."

Jioni ile ganzi ilianza kuondoka. Mdomo ukarudi, shavu likarudi na maumivu yake na uvimbe wake, kidevu kikarudi. Ulimi ukarudi nusu. Upande wa kushoto ulikuwa wake, upande wa kulia ulikuwa nyama tu iliyolazwa mdomoni. Akajiambia ni mapema. Kesho yake akajiambia hivyo hivyo, na keshokutwa hakujiambia kitu.

Alikuwa akila uji uliopoa alipoona wekundu kwenye kijiko. Akakimbilia kioo. Alikuwa amejing'ata ulimi, jeraha lenyewe la kutosha kumliza mtu mzima, na hakuwa amesikia chochote. Mwonjaji wa nusu ulimi ni nani? Atamwambia nani, na nani atamwamini atakaposema hii ipite?

Alimwambia mkewe.

"Basi utakuwa unaonja nusu kikombe," mkewe alisema. Kisha akachukua vyombo akaenda kuviosha, na kwa vyombo viwili alikaa huko muda mrefu.

Ulimi aliogopa. Aliogopa wakati wa kula, wakati wa kupiga mswaki, hata wenzake walipompigia simu kumuuliza hali, akawajibu yuko salama kabisa. Mwisho hofu ikamzidi maarifa. Mchana mmoja mkewe alipotoka kuanika nguo, alichemsha maji, akatia majani kama yanavyotiwa kazini, akangoja rangi ikolee, akachota kijiko.

Mtu mwingine yeyote angedondosha tone kwa kidole upande wa kulia, akatulia, akasikiliza. Ulimi alijua kuonja kwa njia moja. Mdomo ulikwenda wenyewe, pumzi ikaingia kwa nguvu, mlio ukajaa jikoni, chai ikapiga kaakaa, ikazunguka, ikatemwa kwenye sinki kwa mshindo ule ule. Ndani ya sinki, katikati ya wekundu wa chai, kulikuwa na kipande cheusi kama ini.

Upande wa kushoto ulimwambia ni chai nzuri. Upande wa kulia haukusema neno.

Akafungua bomba, akaosha sinki, akajifanya hamnazo.

Kesho yake maumivu yalikuja kwa namna ambayo gego lenyewe halikuwahi kuthubutu. Yalipanda sikioni, yakashuka shingoni, na pumzi yake ikanuka hata yeye mwenyewe akageuza uso. Walirudi kwa daktari. Daktari akachungulia, akavua miwani.

"Shimo liko wazi, mfupa unaonekana. Ulifyonza nini?"

"Chai," alisema Ulimi, kwa aibu. "Nilitaka kujua kama ulimi upo."

Daktari hakumgombeza. Alisafisha shimo kwa maji ya uvuguvugu, kisha akachukua uzi wa pamba uliolowa dawa ya kahawia akaanza kuushindilia ndani kwa koleo, taratibu. Machozi yalimtoka Ulimi. Ghafla akainua mkono.

"Inauma sana?"

"Inauma. Na inawasha. Kuna karafuu kwenye hiyo dawa."

"Ipo, ndiyo. Inawasha wapi?"

Akatoa ulimi nje, akagusa kwa kidole ukingo wa kulia. Daktari akachukua ncha ya kifaa, akamwambia afumbe macho, akagusa hapa na pale. Mara nyingine hakusikia kitu. Mara nyingine alisikia, hafifu, kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka.

"Unarudi," daktari alisema. "Pole pole, lakini unarudi."

Ulimi aligeuka kumtafuta mkewe amcheke, maana sasa angeweza kuchekwa. Mkewe alikuwa ameegemea mlango, mtandio mdomoni, analia.

"Mwalimu, si umesikia? Unarudi."

"Nimesikia," alisema mkewe. "Na jana nilikusikia. Mlio wako naujua, nilikuwa pale dirishani na nguo mkononi toka ulipochota kijiko. Ningeweza kukukataza. Nilinyamaza, baba watoto. Na mimi nilitaka kujua."